Kibodi za Kutoka Ubelgiji

Asubuhi ile ya Jumatatu, katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja cha ufundi pale Igogo, walikuwapo: Mwalimu Dorotea, mkuu wa chuo; mzee Chenge, mtunza stoo; wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliobanana mlangoni; na Nusrat, mwalimu wa kompyuta, aliyevaa gauni la samawati na mtandio uliotupwa begani bila uangalifu, kwa kuwa usiku uliopita hakulala. Lukman, fundi aliyezitengeneza kompyuta hizo na kuzileta jana yake, hakuwapo.

Kompyuta zote ziliwaka, na zote ziligoma. Kila moja iliuliza nywila, Nusrat akaandika neno alilopewa na Lukman, nayo ikalikataa.

"Huyu amebadilisha," alisema mzee Chenge. "Mafundi ndivyo walivyo. Ukikorofishana naye, anakufungia."

"Nani amekwambia tumekorofishana, mzee?"

"Mwanangu, jana mlinong'onezana getini mpaka mimi niliyekuwa stoo nikasikia."

Wanafunzi walicheka. Nusrat hakuwa na nguvu hata ya kuwanyamazisha.

Nusrat alikutana na Lukman kwa mara ya kwanza sokoni Makoroboi, katikati ya msongamano wa wanunuzi, wote wawili wakiwa wameushika waya mmoja wa umeme, wa mwisho dukani. "Chukua wewe, dada," Lukman alimwambia siku ile, "ila niachie namba, nikiuhitaji nije kuazima." Aliuazima mara nyingi kuliko ulivyohitajika. Tangu hapo aliahidi mara mbili kumtuma mshenga kwa wazazi wa Nusrat, na mara mbili siku ilipita kimya. Mama yake Nusrat alikwisha kuacha kuuliza, na kimya hicho kilimchosha binti kuliko maswali. Jana, getini, alimwambia Lukman kwamba subira yake imefika ukingoni. Lukman alijibu tu, "Nipe siku chache," akaondoka.

Nusrat alitoka barazani, ambako upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa walioanikwa, akapiga simu. Upande wa pili ulisikika mngurumo wa injini.

"Nusu wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka nimefungiwa nje. Umebadilisha nywila?"

"Nywila ipi?"

"Lukman, nimechoka. Kama hunitaki, niambie mimi. Usiwaadhibu wanafunzi wangu."

"Mpenzi, niko kwenye kivuko, naenda Sengerema kwa kaka Salehe. Sijagusa kitu. Jaribu tena, taratibu."

"Nimejaribu mpaka vidole vinauma. Na huyo mshenga wako, mwambie asijisumbue."



"Sawa, Mwalimu," alisema Lukman, akakata.

Wanafunzi walipopelekwa karakana ya ushonaji, Nusrat alibaki peke yake mbele ya kompyuta ya mwisho. Aliandika nywila, ambayo herufi zake hazionekani wakati wa kuandikwa. Ikakataliwa, kioo kikabaki cheusi na kistari kikipepesa. Kwa uchovu tu alibonyeza A. Ikatokea Q. Akabonyeza Z. Ikatokea W.

Alizirudia herufi hizo polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Kompyuta hizo zilikuwa zimetumika Ubelgiji, na kibodi zake zilipangwa herufi kwa utaratibu wa huko. Lukman alikuwa ameuelekeza mfumo uzitambue. Lakini kianzishi, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo na kudai nywila, kiliujua mpangilio mmoja tu, wa Kimarekani. Na pale karakanani kwake Igoma, Lukman alizijaribu zote kwa kibodi yake mwenyewe, ya Kimarekani, akaridhika.

Nusrat aliazima kibodi ya namna hiyo ofisini kwa mkuu, akaichomeka, akaandika neno lilelile. Kompyuta ikafunguka. Alimpigia Lukman, simu haikupatikana.

Lukman alifika jua likielekea kuzama, shati lake la drafti limejaa vumbi la Sengerema.

"Nimekuja kuzifungua," alisema akiwa mlangoni. "Nikimaliza nitaondoka."

"Hukubadilisha nywila."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Kianzishi chako hakiijui kibodi ya Kibelgiji."

Lukman aliitazama kibodi, kisha akajishika paji la uso. "Nilijaribu kwa ile yangu. Lo, Nusu."

"Kosa lako ni la kibodi. Langu ni la mdomo, nalo ndilo zito. Nisamehe."

Lukman alivuta kiti, akaanza kukiandikia kianzishi mpangilio mpya, na Nusrat akamsomea.

"Penye Q ya Mmarekani?"

"A."

"Penye W?"

"Z."

"Penye nuktamkato?"

"M. Wameihamisha mpaka huku pembeni."

"Basi tuko wawili. Hata mimi leo nimehamishwa."

"Andika, fundi. Kulalamika utalalamika ukishamaliza."

Lukman alitabasamu kwa shida. Walipoiwasha upya, Nusrat aliandika nywila kwa kibodi ya Kibelgiji, nayo ikakubali; zilizobaki wakazifanyia vivyo hivyo.

"Sengerema ulifuata nini?" aliuliza.

"Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kuoa. Salehe alivunjiwa uchumba, na tangu hapo hataki kuulizwa. Mara mbili nilikwenda kumwomba ruhusa, nikarudi bila kufungua kinywa. Ningekueleza, ningemwanika kaka yangu."

"Na leo?"

"Baada ya simu yako nilitamani kurudi, lakini kivuko hakigeuki katikati ya maji. Nikamwomba hivyo hivyo. Amesema Ijumaa atakuja yeye mwenyewe kuwa mshenga, ili asiwepo wa kusema kwamba nimempita."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nitauliza kwanza kama mshenga bado anatakiwa."

Mwalimu Dorotea aliingia na mzee Chenge kufunga madirisha. Nyuma yao wanafunzi wawili wa zamu walibeba mifagio. Nusrat alisimama, akautengeneza mtandio wake.

"Mwalimu, kompyuta ziko tayari kwa somo la kesho," alisema. "Na Ijumaa naomba ruhusa. Kaka yake Lukman anakuja kwetu kuleta posa. Najua desturi ni kumrudisha mshenga kwanza bila jibu. Huyu hatarudishwa. Nakwenda sasa hivi kumwambia baba amjibu siku hiyohiyo, na jibu langu ni ndiyo."