Kivuli cha Bango

Siku zisizo za shule, Bi Njozi alikwenda shambani na babu yake. Jina hilo alipewa na marehemu bibi, maana hata akiwa na jembe mkononi, mawazo yake yalikuwa mbali.

Mvua haikuwa tena ile ya zamani. Ilichelewa, ikaja kwa kishindo, ikaondoka na udongo. Ndiyo maana bibi, mwaka wake wa mwisho, alianza kupanda kwenye mashimo. Shimo likitiwa samadi na kufunikwa nyasi kavu, hushika maji hata jua likiwaka vipi.

"Nakwenda kutafuta mbegu," babu alisema. "Tia samadi kwanza, ndipo ufunike. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, babu."

Kivuli pekee pale kilikuwa cha bango la serikali, lililochorwa bwawa la buluu na bata wawili. Wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakapigwa picha, wakaenda zao. Bwawa lenyewe mpaka leo halijaonekana.

Bi Njozi akajilaza kivulini. Upepo ulipita kwenye nyasi kwa sauti ya maji. Akaona bata wakishuka kutoka kwenye bango, wakaelea juu ya shamba, na bibi ameketi ukingoni akiosha miguu taratibu.

Alipozinduka, jua lilikuwa linashuka na samadi iko vilevile. Haraka haraka akafunika mashimo matupu.

"Umemaliza?" babu aliuliza aliporudi.

"Yote."

"Kumbe mikono ya bibi yako umeirithi!" Babu akacheka. Tangu msibani hakuwahi kucheka hivyo.

Kicheko kile kikamchoma Bi Njozi. Ngurumo ikasikika kwa mbali.

"Babu... chini ya nyasi hamna kitu."

Babu akafunua shimo moja, akafunua jingine. Akalitazama bango. "Wale walituwekea picha ya maji pasipo na maji, tukalala njaa. Na wewe unaniwekea nyasi juu ya shimo tupu?"

"Nisamehe, babu," alisema huku akilia.

"Shamba halimwagiliwi kwa machozi. Lete ndoo!"

Walibeba samadi pamoja mpaka matone ya kwanza yakawaangukia mgongoni. Kesho yake wakapanda.

Mvua ilikatika mapema, kama ilivyozoea siku hizi. Lakini mtama wao ulisimama, majani yakinong'ona.

"Wale wa bango nawangoja bado waje waseme ukweli," babu alimwambia. "Wewe ulisema siku ileile. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema, wakati ndoo ingali na kazi."