Maswali ya Anyieth Kuhusu Hati ya Uwakili

Anyieth alikuwa na mashine ya kusaga mahindi mjini Kakuma. Aliachiwa na mumewe, aliyefariki mwaka 2009. Kila asubuhi wanawake kutoka kambi ya wakimbizi walipanga foleni mlangoni pake. Anyieth alisaga huku akiuliza maswali. Kwa nini mahindi ya mwezi huu ni ya manjano? Kwa nini mkanda unanuka ukipata joto? Wateja walimwita Mama Kwa-Nini, naye alicheka tu.

Mwezi wa Novemba 2012 alipata habari iliyomfurahisha na kumtia hofu. Binti yake Akuch, wa miaka sita, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Hospitali moja ya Nairobi ilikubali kumfanyia upasuaji. Mama na mtoto wangekaa huko miezi mitatu, labda zaidi.

"Na mashine?" Anyieth alimuuliza Dhieu, mdogo wa marehemu mumewe.

"Mimi niko, shemeji. Nitasaga."

"Kusaga utasaga. Lakini mkataba wa chumba cha mashine unaisha Desemba. Leseni ya biashara ya kaunsil pia inaisha. Zote ziko na jina yangu."

Dhieu akaenda kwa Ekiru, mwenye chumba.

"Ejok!" Ekiru alimsalimia kwa Kiturkana, akamkaribisha kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe nakujua, Dhieu. Lakini mkataba ni ya Anyieth. Nikiandika na wewe, kesho yeye aseme hakukutuma, itakuwaje? Lete karatasi inasema amekutuma."

Mchapaji mmoja sokoni alikuwa na karatasi kama hiyo tayari, ya Kiingereza. Alijaza majina, akamsogezea Anyieth kalamu.

"Sahihi hapa, mama."

"Inasema nini?"

"Ni ya kawaida. Watu wote wanatia."

"Sawa, watu wote wanatia. Lakini inasema nini?"

Mchapaji alikuna kichwa. Kumbe hata yeye hajui! Anyieth alikunja karatasi akaondoka nayo bila kutia sahihi.

Jioni hiyo yeye na Dhieu walimtembelea Levis. Levis alikuwa mtu wa Kitale. Alifanya kazi katika shirika la msaada wa kisheria, na walisali kanisa moja. Alisoma karatasi mara mbili, polepole.

"Hii ni hati ya uwakili," alisema. "Anyieth, ukiitia sahihi, Dhieu anaweza kufanya jambo kwa niaba yako. Akitia sahihi, ni kama wewe umetia."

"Jambo gani?"

"Hapo ndipo pa kuuliza. Hii inasema jambo lolote. Kukodisha, kukopa kwa jina lako, hata kuuza mashine."

Dhieu aliruka kama aliyekanyaga moto. "Kuuza? Mimi sijaomba hiyo! Watu watasema nimekula mali ya ndugu yangu."

"Najua hukuomba," Levis alisema. "Ndiyo maana tunaandika nyingine. Hati inaweza kutaja kazi chache tu. Anyieth, unataka Dhieu afanye nini?"

Anyieth alifikiri. "Aandike mkataba mpya na Ekiru, mwaka moja. Achukue leseni. Mashine ikiharibika, aite fundi."

"Asifanye nini?"

"Asiuze. Asikope pesa kwa kuiweka rehani."

Levis aliandika yote.

"Na nikibadilisha mawazo?" Anyieth aliuliza.

"Unaivunja kwa maandishi. Kisha unamjulisha Dhieu, na kila mtu aliyepewa nakala."

"Na nikikufa huko Nairobi?"

Levis alijibu kwa upole. "Hati inakufa pamoja nawe. Hapo inabaki sheria ya urithi. Tena, mtu hutia sahihi akiwa na akili timamu na akielewa anachotia. Ndiyo maana nafurahi ukiuliza."

"Kwa hiyo hii imemalizika?"

"Bado. Mimi si mwanasheria. Utaitia sahihi mbele ya wakili wa kisheria, ukiwa na kitambulisho. Atakueleza kwa lugha unayoelewa. Kisha itapigwa muhuri na kusajiliwa."

Wiki iliyofuata wakili wa shirika alikuja kutoka Lodwar, kama alivyokuja kila mwezi. Alimsomea Anyieth hati nzima kwa Kiswahili. Anyieth aliuliza maswali tisa. Wakili alijibu yote tisa. Ndipo Anyieth akatia sahihi. Hati iliposajiliwa, Ekiru alipewa nakala, na Desemba akaandika mkataba na Dhieu bila shida. Januari Dhieu akapata leseni. Anyieth na Akuch walikuwa wameshasafiri.

Februari mtu mmoja alifika kutoka Lokichar. Alipika chakula cha wafanyakazi wa kampuni za mafuta, akataka mashine ya kusaga haraka. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri sana.

"Wewe ndiye wakili wa mwenye mashine, sivyo? Tia sahihi, niipakie leo."

Dhieu alitazama mashine. Ilikuwa kuukuu. Labda Anyieth angefurahi? Labda pesa hizo zingemsaidia Akuch? Alitoa nakala ya hati akasoma tena. Asiuze. Akapiga simu.

Anyieth alipokea akiwa kando ya kitanda. Akuch alikuwa amefanyiwa upasuaji jana yake, na ndiyo kwanza alikuwa ameomba uji.

"Dhieu, usiuze. Nikirudi nitashika nini?"

"Hata hati inasema hivyo, shemeji. Nilitaka kusikia kutoka kwako."

Dhieu alimrudia mgeni. "Sina ruhusa," alisema. Mgeni alinung'unika, akaenda.

Aprili Anyieth alirudi Kakuma. Akuch alishuka garini mwenyewe, akatembea mpaka mlangoni bila kupumzika njiani. Wanawake wa foleni walipiga vigelegele.

Siku tatu baadaye Anyieth alimwomba Levis amsaidie kuandika barua ya kuvunja hati. Kazi ya hati ilikuwa imekwisha. Nakala moja ilikwenda kwa Ekiru, moja ofisi ya leseni, na ya mwisho akampa Dhieu mkononi.

Dhieu aliisoma, akainamisha kichwa kidogo. "Basi sasa mimi si kitu tena hapa?"

"Uwakili umeisha," Anyieth alisema. "Ushemeji hakuna barua inaweza kuuvunja. Kesho uje mapema, watu ni wengi."