Breki za Lori la Himatlal

Jasbir, fundi wa magari wa Thika, ni rafiki yangu na hadanganyi. Ukitaka kumcheka, mcheke usoni.

Mwaka wa 1956 dereva Sele alitaka kuondoka na lori la Himatlal. Breki zilikuwa bado na hewa ndani ya mabomba ya mafuta, hazishiki vizuri, lakini Himatlal, tajiri mwenye lori, alipiga kelele kwamba anacheleweshwa, na Jasbir akamwambia Sele, "Nenda tu." Breki zikakataa, Sele akafia kwenye mteremko wa Ruiru. Kwenye mazishi, Jasbir alishindwa kumtazama mjane.

Baadaye lori lilirudi gereji kwa Jasbir, breki zitolewe hewa.

"Fundi, safari hii zitashika, ama nijifunze kuruka?" akatania Ahmad, dereva mpya.

"Panda ukanyage pedali, wacha mdomo!"

Jasbir akaingia chini ya lori, gizani, mvua ikipiga mabati.

"Kanyaga!"

Pedali ikalia. Akalegeza nati, mafuta yakatoka na mapovu, akakaza.

"Achilia!"

Akaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta yakatoka safi.

"Kanyaga tena, ushikilie!"

Mara Ahmad akaingia mlangoni amelowa chapachapa, chai mkononi. "Pole, fundi, nilikimbilia chai kwanza, mvua ikanishika hotelini. Unaongea na nani?"

Jasbir akatoka, akachungulia ndani ya lori. Kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilikuwa imelala chini kabisa, ikingoja aseme achilia.