Beleshi la Chuma Juu ya Paa

Majira ya baridi shule zetu hufungwa, lakini kazi haifungwi. Kila theluji ikianguka, kabla hata ya chai, mtu mmoja wa kila nyumba hupanda paani kuiondoa. Mapaa yetu huku milimani Bamiyani ni bapa, yamekandikwa kwa udongo uliochanganywa na mabua ya ngano. Theluji ikiachwa juu yake hulemea boriti, au huyeyuka ikapenya ndani. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya Baba. Wiki ile alikuwa amekwenda msibani bonde la pili, kwa hiyo ikaniangukia mimi binti yake, Nekbakht, mwenye miaka kumi na miwili.

"Chukua beleshi la mbao," Mama alinikumbusha huku akikanda unga. "La chuma ni la zizini."

"Najua, Mama."

Nilijua kweli. Mtoto wa kwetu hulijua jambo hilo kabla hajajua kuhesabu: beleshi la mbao husukuma theluji, la chuma huchuna paa.

Theluji ilinifika magotini, na chini yake ilikuwa imeganda kabisa. Beleshi la mbao lilikuwa likiteleza juu yake tu. Rafiki yangu Gulchaman alikuwa keshamaliza kwao, amesimama mteremkoni na kipande cha dumu la plastiki cha kutelezea.

"Wewe Nekbakht, unaiondoa theluji au unaibembeleza?" aliniita. "Hadi umalize, ngano itakuwa imeota."

Wenzake wakacheka. Nilishuka, nikalichukua beleshi la zizini, na kufumba na kufumbua nusu ya paa ikawa safi. Kisha nikaona vipande vya udongo na mabua ndani ya theluji niliyokuwa nikiitupa. Karibu na tundu la moshi palikuwa na mikato mitatu mirefu. Ningeweza kushuka na kumwambia Mama. Badala yake niliifunika mikato ile kwa theluji, nikaishindilia kwa kiatu, nikaenda kuteleza. Siku ile mchezo haukuwa na ladha.

Baba alirudi baada ya siku mbili. Siku ya tatu jua likawaka, na paa likaanza kuvuja juu ya pipa la unga wetu wa majira yote. Tulipolifunua, nusu ya unga ilikuwa imeloa na kushikana.

Baba alitazama juu, kisha akamgeukia Mama. "Hii ni kazi ya kaka yako. Kapunguza mabua."

Mjomba Ewaz ndiye aliyelikandika paa letu kabla ya baridi. Kukandika mapaa ndiyo kazi inayomlisha yeye na watoto wake. Alipoitwa, alipanda juu akafagia theluji. Maji yalikuwa yameshamomonyoa kingo za mikato yangu, ikaonekana kama udongo umepasuka wenyewe.

"Shemeji, mabua niliyakata kwa mkono wangu," alisema aliposhuka. "Udongo niliukanyaga siku mbili."

"Basi maji yamepitia wapi? Yalibisha hodi?"

Mjomba alitazama viatu vyake. "Labda nilikosea," alisema taratibu.

"Wazee wanataka ukandike paa la msikiti theluji ikiisha," Baba alisema. " Mzee Nowroz nimeshamwambia asubuhi atafute mtu mwingine. Sasa hivi nakwenda kuwaambia waliobaki."

Nilikuwa nimesimama palepale na ungo wa unga ulioloa mkononi. Nilitamani kusema, lakini niliinama nikaendelea kuchambua unga. Nilimwona Mama anaona aibu kwa ajili ya kaka yake, na aibu ile ilikuwa yangu.

Mjomba alikwenda uani, akamimina maji ya moto kwenye udongo, akavua viatu na kuanza kuukanyaga ili azibe palipovuja. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa baridi. Sikuweza kuvumilia zaidi. Nilimfuata.

"Mjomba, si mabua. Ni mimi. Nilitumia beleshi la chuma, halafu nikaficha."

Aliacha kukanyaga. Nilitegemea atabasamu, hakutabasamu.

"Nilikuwa hapa najiuliza kama mikono yangu imeanza kuzeeka," alisema. "Nenda kamwambie baba yako."

"Atanipiga."

"Huenda. Nenda kabla hajatoka."

Nilimkuta Baba mlangoni, anafunga kilemba. Nilimweleza yote, hadi kiatu nilichoshindilia nacho theluji. Aliacha kufunga kilemba. Kisha akaenda uani na kumshika Mjomba mkono.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuhukumu bila kuuliza."

"Yamekwisha," Mjomba alijibu, ingawa sauti yake ilionyesha bado yanauma.

"Hayajaisha. Nekbakht, vaa viatu. Tunakwenda wote kwa Mzee Nowroz."

Huko nilirudia maneno yangu mbele ya wazee wanne waliokuwa wamekusanyika, machozi yakinitiririka. Baba alisema yake baada yangu. Mzee Nowroz akaitikia kwa kichwa, akamwambia Mjomba kwamba paa la msikiti ni lake kama walivyokubaliana.

Tulirudi nyumbani kukanyaga udongo, mimi nikiwa katikati ya Baba na Mjomba. Maji yalikuwa yameshapoa, na miguu iliniuma hadi mifupani.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Mjomba alisema. "Wewe ufa wako uliufunika kwa theluji. Ungemwambia mama yako siku ile, angeniita nikaziba kabla ya chakula cha mchana, na nisingeitilia shaka mikono yangu."

"Kulichuna paa ni haraka ya mtoto," Baba aliongeza. "Lakini ukinyamaza, adhabu yako inabebwa na mwingine. Nami nilimtwika huyu bila kuuliza. Kanyaga, binti yangu. Bado kuna mabonge."