Fundi Aliyelinyoosha Lile Gari

"Hii kadi umeiandika wewe?"

Mchumba wangu aliacha kupiga msasa mlango wa gari. Alipoona nilichoshika, alibadilika uso.

"Nimekwambia uchague rangi ya mapambo ya harusi, siyo unipekue."

"Nijibu!"

Ni fundi rangi wa magari. Kila akichanganya rangi hupaka kidogo kwenye kadi, nyuma anaandika namba ya gari na tarehe, ili mteja akirudi rangi isibahatishwe. Ukuta mzima wa karakana umejaa kadi hizo. Mimi nilipenda moja ya kijivu, nikaigeuza. Namba ile naijua kama jina langu. Ndiyo ya gari lililomgonga mama akivuka barabara, akafa palepale, dereva akakimbia. Na tarehe ilikuwa ya siku iliyofuata.

"Alikuja asubuhi mapema," alisema. "Akadai amegonga nguzo ya geti. Nikanyoosha, nikapaka rangi. Sikujua, naapa."

"Ulijua lini?"

Akarudi kupiga msasa mlango.

"Ulijua lini, wewe mwanaume?"

"Msibani. Yule shahidi alipotaja namba."

Miezi saba! Miezi saba ananifuta machozi, anakaa nami kwenye benchi la polisi, huku mpelelezi akituambia gari limekaguliwa, halina hata mkwaruzo, na mwenyewe yuko nje ya nchi, eti kwa matibabu. Bila ushahidi kwamba lilitengenezwa, hakuna wa kuomba arudishwe. Ijumaa hiyo faili lingefungwa. Nilitamani kumzaba kibao.

"Niliogopa kufungwa," alisema. "Nikaogopa zaidi kukukosa wewe."

"Na baba ulikuwa unamtazamaje usoni?"

Alinipa simu yake nisome ujumbe wa juzi: "Fundi, hongera kwa harusi. Ile kazi yangu ibaki siri yetu. Mimi huko sirudi."

Nilimpigia mpelelezi, nikaweka spika, nikamsogezea simu.

"Sema mwenyewe."

"Wakinikamata je?"

"Watakukamata. Sema!"

Aliinamia simu.

"Afande, lile gari nililitengeneza mimi. Kadi ninayo. Na ujumbe wake ninao."

Alikaa mahabusu siku nne, akatoka kwa dhamana. Harusi niliisimamisha, na simu zake sikupokea. Nilimkumbuka, tena sana, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwezi wa tano tangu siku hiyo, mpelelezi akaniandikia: "Mwenye gari amekamatwa huko alikojificha. Mahakama yao imekubali arudishwe. Analetwa Jumatano."

Kesi ilipoanza, wakili wa mshtakiwa alimkazia macho fundi.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwongo uliyeficha miezi saba?"

"Ndiyo, nilificha. Na kesi yangu inanisubiri. Lakini gari lilikuwa lake, na aliyelileta ni yeye."

Mshtakiwa akainamisha kichwa. Nililia palepale, bila aibu.

Nje, fundi alinifuata hadi kwenye ngazi.

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Basi niende zangu?"

"Baba hakutaka kuja kumwona muuaji. Hajui gari lilinyooshwa na nani. Kila siku ananiuliza, mwanangu fundi yuko wapi, mbona haji? Nimeshindwa kumwambia."

Alikaa kwenye ngazi.

"Nyanyuka," nikamwambia. "Twende ukamwambie kwa mdomo wako."

"Akinifukuza?"

Nikamshika mkono.

"Tutafukuzwa wote."