Karatasi Iliyotembea Peke Yake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Limi alimwinua baba yake kitandani, akamnywesha uji, kisha akachukua kalamu.

Baba yake, Mihayo, alisaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha, zile mashine za kuponda mawe, huko Masumbwe miaka kumi na miwili bila barakoa. Vumbi likahamia kifuani mwake, na kodi halikulipa. Sasa akienda chooni tu, alipumzika mara tatu njiani.

Kliniki walimpa mazoezi: kutembea, kuketi na kusimama, kupumua taratibu kama anayepoza chai. Kila zoezi likifanyika, Limi aweke alama ya vema kwenye karatasi.

Bibi yake Limi alikataa kabisa. "Mgonjwa atembezwe kama ng'ombe wa mnada? Majirani watasema tumemchoka! Lala, mwanangu."

Mihayo akalala. Limi, kwa kuogopa kugombezwa kliniki, akajaza vema. Karatasi ilitembea wiki nne. Baba hakufika hata uani.

Siku ya kupimwa, mtaalamu wa mazoezi, Bi Violeth, alimwambia Mihayo atembee dakika sita. Hatua ya ishirini akashika ukuta, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Mazoezi yote haya, na bado umerudi nyuma," Violeth alisema kwa huzuni. "Basi hayakufai. Tutayaacha."

Mihayo alimgeukia binti yake. "Limi, ndiyo nakufa hivi hivi?"

Limi akaangua kilio. "Hajafanya hata moja! Vema nimeweka mimi."

"Kumbe nilikuwa natibu karatasi," Violeth akasema.

Jioni ile alifika nyumbani kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumkimbiza mwanangu?"

"Nimekuja umshike mkono wewe. Mapafu yale hayarudi kuwa mapya. Lakini miguu ikilala, hata pumzi iliyobaki haitamtosha kusimama."

"Na majirani?"

"Watembee naye."

"Jirani yetu Maduhu, na kitambi kile?" bibi akaguna. "Atazimia kabla ya mgonjwa!"

Lakini akamshika mwanawe mkono, wakaanza na hatua kumi. Siku tano mfululizo Limi aliandika, "Ameshindwa," machozi yakilowesha karatasi. Violeth akapunguza hatua, kisha akaongeza kidogo kidogo. Wiki ya nane, Mihayo alifika kwa fundi baiskeli na kurudi, akihema, lakini kwa miguu yake.

Violeth akamwambia Limi, "Ulipoandika 'ameshindwa', ndipo nilipojua pa kumsaidia. Ukimdanganya anayekutibu, mwanangu, anayeshangilia ni ugonjwa."