Ida na Kahawa Iliyoota Ukungu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ida alifagia chumba cha nyuma alimolala, akipita kwa shida kati ya kitanda chake na magunia ya kahawa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akisoma darasa la sita huko Mkumbi. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kushindana na chama cha ushirika, baba yake, Mzee Bartholomayo, hakuwa na haraka ya kuuza. Aliweka kahawa ndani akisubiri bei ipande.

Mwaka huo mvua ilipenya kwenye paa. Magunia ya chini yakalowa na kahawa ikaota ukungu. Baba alimwagiza Ida asimwambie mtu yeyote, kwa kuwa Ilyasi, mfanyabiashara wa Mbinga mjini, alikuwa ameahidi kuinunua yote. Kama angesikia habari ya ukungu, angeiacha.

Haukupita muda mrefu Ida akaanza kukohoa. Kifua kilimbana, akatoa makohozi mazito ya rangi ya kahawia, na kilima cha kwenda shule kikamshinda. Wenzake walidhani ana kifua kikuu, wakahama dawati lake. Hilo lilimuumiza kuliko kikohozi chenyewe.

Baba alimpeleka hospitali ya Mbinga. Daktari Hasna alipima makohozi, hakuona kifua kikuu. Akamtoa damu, sehemu akaipima hapohapo na nyingine akaituma Dar es Salaam. Majibu yalipofika, aliwaeleza kwamba chembe za damu zinazoongezeka mtu anapokuwa na mzio zilikuwa nyingi mno, na kwamba damu ilionyesha wazi kuwa mwili wa Ida ulikuwa ukipambana na ukungu uliokuwa ukiingia mapafuni.

"Dawa zipo," alisema. "Lakini akiendelea kuvuta hewa yenye ukungu, ugonjwa utarudi na kumharibia mapafu. Je, nyumbani kuna kitu kilichoota ukungu?"

Mzee Bartholomayo alijibu upesi kwamba hakuna. Ida akainamisha kichwa. Hakuwahi kumpinga baba yake mbele ya mtu.

"Baba, naomba unisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Daktari, ninalala pamoja na magunia ya kahawa. Ya chini yameota ukungu."

Baba akakiri kuwa mtoto amesema kweli.

Waliporudi nyumbani, alitoa magunia yote nje, akafukia kahawa iliyoharibika na kuziba paa. Ilyasi alipokuja, alimweleza mwenyewe yaliyotokea. Ilyasi alichagua iliyo nzuri, akanunua hiyo tu. Ida alihamia chumba kikavu na kumeza dawa kama alivyoelekezwa. Damu yake ilipopimwa tena, dalili za mzio zilikuwa zimeshuka sana, naye akapanda kilima bila kusimama.

Hapo baba alimwomba Mwalimu Kilian, aliyemfundisha Ida, ruhusa ya kuzungumza na darasa la sita. Aliwaambia wanafunzi kwamba Ida hakuwa na kifua kikuu, na kwamba ugonjwa wake hauambukizi.

"Damu ilimwonyesha daktari ugonjwa," alisema, "lakini chanzo chake mimi nilikificha. Ida alisema kweli ingawa aliniogopa, ndiyo maana amepona. Wanangu, msimfiche daktari jambo lolote, hata mkubwa akiwaambia mfiche. Zamani mtu akiniita Baba Ida, niliitika tu. Siku hizi naitika kwa fahari."